Ushahidi wa Sungura

Kilifika Kisian saa nane mchana,
kimezikwa katika barafu kavu inayofuka kama chungu jikoni,
kichupa kisichozidi kidole cha mwisho cha mtoto.
Ndani, mikrolita mia moja. Tone, na tone jingine.
Wafubwa akauliza: Apondi, hela zote zile ndizo hizi?
Nikamwambia, ndizo hizi, na usizitikise.

Sungura gani huyu, sijui.
Si yule wa hadithi, mjanja, mla njugu za wenyewe.
Huyu hakumlaghai fisi wala simba.
Alikaa kizimbani katika nchi ya baridi,
akadungwa chembe ya kitu kisicho chake,
protini ya utumbo wa binadamu,
na damu yake isiyojua kusahau
ikachonga ufunguo wa kufuli moja tu.
Ndivyo karatasi ilivyosema.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema kikulindacho ki wapi.
Ki tumboni, wazee wetu,
chini kabisa ya vijishimo vya utumbo mwembamba,
seli zimekaa na mifuko iliyotuna
kama akina mama wa Kibuye na vibeti vyao vya sarafu.
Kijidudu kikibisha, zinamwaga.
Kinatoboka ngozi. Kinavuja. Kimekwisha.
Hakuna king'ora, hakuna homa,
mwenye tumbo anaendelea na omena wake.

Ila kuna watoto wa Nyalenda
wanaokunywa maji ya visima vilivyopakana na vyoo,
wanakula, na chakula hakiwatambui.
Tulitaka kujua:
mlinzi yupo, amelala, au hakuajiriwa kamwe?

Namba 0417 ana miaka mitatu.
Mama yake, Nyaboke, alisoma fomu mara mbili
akauliza kama kile kipande kitaota tena.
Kinaota, nilimwambia.
Ni chembamba kuliko ngozi ya kitunguu.

Usiku nikaimwaga kingamwili, moja kwa mia mbili,
nikafuatisha ile ya pili iliyobeba rangi ya kijani.
Saa nne stima ikapotea.
Jenereta likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza.
Nikasimama gizani nimeukumbatia mlango wa friji
kama mtu anayemzuia ndama asitoroke,
nikihesabu dakika kwa sauti.
Kumi na nne.

Asubuhi, darubini.
Kijani!
Vijishimo vyote vimewaka, safu kwa safu,
Kondele usiku wa mwisho wa mwezi.
Nikapiga kelele, Wafubwa akaimwaga chai.

Halafu nikaweka kioo cha pili,
kile cha kushuku.
Hapo kingamwili niliishibisha kwanza protini yake yenyewe,
ikaja mezani imevimbiwa, haina hamu ya kitu.
Kioo hicho kilipaswa kuwa giza.

Nacho kiliwaka.
Kijani kile kile. Vijishimo vile vile.

Shahidi anayeitika kila jina linaloitwa
mwite nani?

Daktari Oduol alitazama kwa muda mrefu,
akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.
Kioo cha pili, akasema polepole,
wamekiona wangapi?
Mimi, nikasema. Wafubwa. Wewe.
Na sungura.
Akacheka kidogo, kisha akaacha.
Agiza kundi jingine, akasema. Wiki sita.

Nimeandika daftarini kwa wino, si kwa penseli:
Kundi hili halifai. Linaona kila kitu.
Sikumlaumu mnyama. Alijibu alichoulizwa,
na swali lilikuwa letu.

Jioni Nyaboke akanipigia simu.
Mmeona nini?
Bado, nikasema. Bado hatujaona.
Kimya. Nikasikia kijiko kikigonga sufuria.
Basi, akasema, leo amemaliza uji wote,
akaomba mwingine.

Nikaandika hilo pia, pembeni mwa ukurasa,
maana jedwali halikuwa na safu yake.